Mume wa Mwanakombo na Wakwe wa Uchina

Petro alifika Kokoto akiwa bado na buti za ulinzi, macho mekundu kwa zamu ya usiku, akatupa kofia yake kwenye benchi na kutangaza kabla hata ya salamu:

"Jamani, Uchina iliwahi kushikwa na mabinti watatu wa mzee mmoja! Tena mzee mwenyewe alikuwa anachapisha Biblia!"

"Wewe umelala lindoni," Nassoro akamjibu. "Mtu akisinzia kakaa, ndoto zinamjia na Wachina."

"Nimesikia redioni, bwana! Kipindi kizima."

"Redio nayo ilikuwa imelala."

Kokoto ni kijiwe cha kahawa pale Madimba, kando ya barabara, na jina lake limetokana na lundo la kokoto lililosahauliwa na waliojenga bomba la gesi. Gesi inapita zake kwenda Dar es Salaam kuwapikia watu wa huko, na kahawa ya Kokoto inachemka kwa mkaa. Jambo hilo lilishajadiliwa mpaka likachosha, likaachwa, sasa linatajwa tu mkaa ukipanda bei.

Ismaili hakuipenda hata kidogo habari ya Petro. Siku hiyo ilikuwa yake. Adhuhuri majina ya wagombea yangefungwa, na Jumamosi wakulima wangechagua mwenyekiti wa chama cha msingi cha korosho. Mpaka asubuhi ile majina yalikuwa mawili tu: lake na la Abdallah. Na Abdallah mwenyewe huyo hapo, ncha ya benchi, kikombe mkononi, kimya kama kawaida yake, mpaka kijiwe kikamwita Bubu. Wawili hawa ni wanyumba, maana wameoa tumbo moja. Ismaili kamwoa Mwanakombo, Abdallah kamwoa Zawadi, na mdogo wa hao dada, Nasra, ndiye huyo anayepepea mkaa na kumimina kahawa. Mama yao wote ni Bi Somoe, ambaye nyumba yake iko nyuma ya kijiwe, na kivuli kinachowafunika wanakijiwe asubuhi ni cha ukuta wake.

Ismaili alitoka Newala kuja kuoa, akaja na mkeka na panga, maana kwa watu wa huku mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Tangu siku ile jina lake lilipotea. Msikitini, mume wa Mwanakombo. Gulioni, mume wa Mwanakombo. Siku alipong'atwa na nyoka, watu walikimbia wakipiga kelele kwamba mume wa Mwanakombo anakufa. Kijiweni amejipachika jina la Mstahiki, na wenzake humpa wanapotaka kucheka. Hakuwa na tamaa ya mali huyu bwana, tumtendee haki. Alitaka jambo moja tu kabla ya kuzikwa, aitwe kwa kitu chake mwenyewe. Mwenyekiti. Basi.

"Petro hajalala," alisema Godfrey, akiweka chini begi lake la shule. Godfrey ni mwalimu wa historia kutoka Sumbawanga, na wanamwita Silabasi kwa sababu hajibu swali bila kulitaja neno hilo. "Huo ni ukoo wa Soong. Kwenye silabasi haumo, lakini upo. Mzee aliitwa Charlie."

"Mchina gani anaitwa Charlie?" Nassoro akauliza.

"Mchina aliyekwenda Marekani kijana, akabatizwa huko, akarudi Shanghai na jina la wenyewe."

"Kama shemeji yangu alivyokwenda Dar kumsindikiza mgonjwa, akarudi anaitwa Naiz."

"Acha nimalize. Charlie akatajirika kwa kuchapisha Biblia na biashara nyingine, na chini kwa chini akawa anamfadhili Sun Yat-sen, yule aliyetaka kumng'oa mfalme wa Uchina. Mchana Biblia, usiku mapinduzi."

"Huyo namwelewa vizuri sana," alisema Nassoro. "Mimi mchana nilikuwa nauza mchicha."

Wakacheka, maana kila mtu alijua usiku alikuwa anauza nini. Nassoro wanamwita Kangomba, kwa ile biashara ya kununua korosho za wakulima kwa magendo kabla hazijafika chamani. Aliiacha, anasema, kwa hofu ya Mungu. Wengine wanasema kwa hofu ya mkuu wa wilaya.

"Haya, mabinti," Petro akahimiza. "Waambie ya mabinti."

"Mabinti watatu, wote wamesomea Marekani. Mkubwa, Ai-ling, akaolewa na tajiri wa benki, ambaye baadaye akawa waziri wa fedha. Wa kati, Ching-ling, akatoroka nyumbani akaolewa na huyo huyo Sun Yat-sen, rafiki wa baba yake, rika la baba yake."

"Astaghafirullah!" Nassoro akashika kichwa. "Mzee unamchangia mtu mapinduzi, yeye anachukua na binti?"

"Mzee alikasirika mno."

"Angekasirikaje kidogo? Hata mimi ningerudi kwa mfalme."

"Na wa tatu, Mei-ling, akaolewa na Jenerali Chiang Kai-shek, aliyekuja kuitawala nchi. Na kaka yao mmoja naye akawa waziri wa fedha, akawa waziri mkuu pia. Hesabuni wenyewe. Jeshi kwao, hazina kwao, mjane wa huyo Sun, baba wa taifa, kwao. Wachina wakawa na msemo: mmoja alipenda pesa, mmoja alipenda madaraka, mmoja alipenda nchi."

"Na wa kwetu?" Petro akauliza, akimkonyeza Nassoro. "Mstahiki, Mwanakombo anapenda nini?"

"Kulala mapema," alijibu Ismaili kwa ukali.

"Na Zawadi, Bubu?"

Abdallah akanywa kahawa.

"Na Nasra?"

"Nasra anapenda mteja anayelipa," Nasra akasema bila kuinua macho, na Petro akapata shughuli ghafla na kamba za buti zake.

Kwa kweli Ismaili alianza kuisikiliza habari ile kwa sikio jingine. Mwanasiasa ni kama kuku, hata kwenye jalala anaona chakula. Wakwe, ukoo, madaraka. Hapa si pana hotuba kabisa? Akasogeza kofia yake ya viua.

"Mwalimu, hebu nieleweshe. Huyo jenerali, mwenye majeshi na mizinga, alikuwa anaogopa wakwe?"

"Anaogopa? Alipokwenda kuposa, mama mkwe alimwambia kwanza aachane na wake aliokuwa nao, halafu asome dini ya Kikristo, maana jenerali alikuwa Mbuddha."

"Akasemaje?"

"Akasema atasoma."

"Jenerali!" Ismaili akapiga paja. "Mtu anaamrisha vifaru, anatumwa kusoma kama mtoto wa chuoni!"

"Na akasoma kweli. Akaoa, akaendelea kusoma, baadaye akabatizwa."

"Mimi simlaumu," alisema Nassoro. "Mkwe akisema soma, unasoma. Akisema imba, unauliza sauti ya ngapi."

"Na siku majenerali wake mwenyewe walipomteka," mwalimu akaendelea, "unajua nani alikwenda kumkomboa? Mkewe na shemeji yake. Walipanda ndege wakawafuata watekaji huko huko."

"Aibu!" Ismaili akasimama. "Mwanamume mzima anakombolewa na wakwe!"

"Mstahiki," Petro akauliza taratibu, "ulipokamatwa kwa kupigana kwenye mnada wa mbuzi, nani alikuja kukutoa polisi?"

Ismaili akaivua kofia yake, akaivaa tena.

"Lile lilikuwa jambo dogo," alisema Ismaili.

"Bi Somoe alikuja na bodaboda. Mimi nilikuwepo. Alimwambia askari, 'Nipeni huyo wa kwangu, nyumbani kuna kuni za kupasua.'"

Kijiwe kilivunjika mbavu. Hata Abdallah alitabasamu ndani ya kikombe, na hilo ndilo lililomuuma Ismaili. Akapanda juu ya benchi. Benchi likalalamika.

"Chekeni! Chekeni, lakini sikilizeni! Uchina ilizama kwa nini? Kwa sababu nchi iligeuzwa sebule ya mtu! Na sisi hapa tunakwenda wapi? Jumamosi mnataka kumpa chama mtu asiyefungua mdomo bila kutazama dirisha la mkwe wake? Abdallah huyu, anakula ugali wa mkwe, anaoga maji ya mkwe, analala chini ya bati la mkwe!"

"Na wewe?" Nassoro akauliza.

"Mimi ninaishi nyumba ya pembeni!"

"Bati la nani?"

"Swali hilo ni la kichochezi! Mimi natoka Newala, mimi sina ukoo hapa!"

"Sasa kama huna ukoo, kura atakupa nani?"

"Wananchi!" Ismaili alikwishapamba moto. "Nasema bila woga. Bi Somoe ni mama yetu, namheshimu, lakini chama cha msingi si jiko lake! Korosho si mboga zake! Umefika wakati chama kitoke mikononi mwa ukoo!"

Hakuna aliyecheka. Petro alitazama ukuta wa nyumba, kisha akatazama barabara, akipima umbali. Mwalimu alikohoa. Nasra aliliweka birika juu ya mkaa, akajifunga kanga yake vizuri, akasema anakwenda ndani mara moja, akaingia uani kwa mama yake.

"Umekwisha," alisema Nassoro. "Wallahi, Mstahiki, umekwisha. Usiku wa leo utalala na mbuzi."

"Mstahiki, mikorosho unayoipulizia salfa kila mwaka ni ya nani?" Mwalimu akauliza.

"Ya familia."

"Familia ya nani?"

Ismaili akashuka benchini, akakaa, akaomba kahawa kwa ishara, akakumbuka mmiminaji hayupo. Lakini hakuwa na hofu. Hapo ndipo wenzake walipomshangaa. Alikaa anatabasamu kama mtu aliyeficha karata ya mwisho, na kweli alikuwa ameificha. Mwezi uliopita, wakati Mwanakombo yuko shamba, Bi Somoe alimwita jikoni peke yake, akamkaribisha muhogo wa nazi na kumwambia: "Mkwe wangu, gombea. Mungu kakupa mdomo. Nenda ukaseme. Na ukiona pa kunisema mimi, niseme tu, watu wasije wakadhani nimekutuma." Muhogo ule ulikuwa mtamu. Ismaili aliumeza pamoja na maneno, na tangu siku hiyo alikuwa akimwonea huruma Abdallah, masikini wa Mungu, anayeshindana asijue kwamba mkwe ameshachagua.

"Mwalimu, malizia basi," akasema kwa sauti ya mshindi. "Wale akina Soong waliishia wapi? Ukoo wa namna hiyo lazima uanguke."

"Hapo ndipo penye utamu. Wakomunisti walipomshinda Chiang, yeye na Mei-ling wakakimbilia Taiwani. Sasa ungedhani ukoo umeshindwa, sivyo?"

"Umeshindwa!"

"Yule wa kati, Ching-ling, alikuwa ameshagombana na shemeji yake Chiang siku nyingi. Yeye akabaki Beijing na washindi. Wakamfanya makamu wa mwenyekiti wa nchi, na alipokuwa kitandani anakaribia kufa wakampa urais wa heshima."

Petro akatoa macho. "Yaani dada mmoja yuko na walioshinda, dada mwingine yuko na walioshindwa?"

"Na mkubwa yuko Marekani na mumewe na mali yao."

"Kwa hiyo yeyote atakayeshinda..."

"Atakuwa shemeji yao," Nassoro akamalizia. "Huo si ukoo, jamani, huo ni mtego wa panya wenye milango mitatu."

"Ila msione walipanga," mwalimu akatahadharisha. "Wale dada waligombana kwelikweli. Baada ya hapo yule wa Beijing na yule wa Taiwani hawakuonana tena mpaka wakafa. Ukoo ulipata kila kitu, ukakosa kukaa mkeka mmoja."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze kumwita Bubu, Abdallah aliweka kikombe chini na kufungua mdomo.

"Mwanyumba," alisema, akimtazama Ismaili bila chuki, "mama alikupa muhogo wa nazi?"

Tabasamu la Ismaili lilibaki usoni, ila mwenyewe alikwishaondoka.

"Muhogo gani?"

"Mimi alinipa na samaki. Zawadi alikuwa kliniki. Akaniambia, 'Mkwe wangu, gombea. Mungu kakupa utulivu. Watu wamechoka na makelele. Mwenzio akisema, wewe nyamaza tu.'" Akakuna shingo. "Nikanyamaza. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeitwa. Leo nimekusikia unamtukana mkwe bila jasho, nikasema hapana, huyu naye katumwa."

Ismaili alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu ya mtu mzima aliyegundua kwamba hata ushujaa wake alikuwa ameazimwa. Matusi yote yale juu ya benchi, yale aliyoyaona ni ya kwake, yalipikwa jiko lile lile na muhogo.

"Kwa hiyo mama anamtaka nani?" Petro akauliza. "Anayesema au anayenyamaza?"

Mlango wa uani ukafunguka. Nasra alitoka akiwa amebadilisha: baibui jipya, viatu vya Idi, mkoba begani. Akaja mpaka kwenye mkaa, akalisogeza birika lisichemke likamwagika.

"Mashemeji zangu," alisema kwa adabu, "mama anawasalimu. Anasema shemeji Ismaili amesema vizuri sana, tumesikia mpaka jikoni. Na shemeji Abdallah amenyamaza vizuri sana."

"Na wewe alikwambia nini?" Abdallah akauliza, kama mtu anayejua jibu.

"Mimi aliniambia nisikilize. Tangu mwaka juzi nasikiliza. Ninajua nani anataka salfa ifike mapema, nani analalamikia mizani, nani anatarajia kumpigia kura nani na kwa nini." Akatazama jua. "Adhuhuri haijafika. Nakwenda kupeleka jina langu."

"Lako?" Ismaili akaruka. "Nasra! Wewe unauza kahawa!"

"Na nina mikorosho, shemeji."

Nassoro alijipiga kipaji cha uso. "Lahaula! Ndiyo maana hakuna mwingine aliyejitokeza! Mimi mwenyewe nilitaka kugombea, nikajiambia vita ya wakwe wa Bi Somoe siingii. Kijiji kizima kimekaa pembeni kinasubiri wawili hawa waumane!"

"Nyinyi mlikuwa mmeshikilia mlango," Nasra akawaambia mashemeji zake. "Mama anawashukuru kwa hilo. Sasa anaomba mnisindikize mkatoe majina yenu."

"Na tukikataa?" Ismaili alisema hayo akijua yanasikika vibaya, lakini lazima mtu mmoja ayaseme, na yeye ndiye aliyepewa mdomo. "Hii ni nchi huru! Mimi naendelea!"

"Mama amesema hilo pia. Anayetaka kuendelea na aendelee, hakuna ubaya." Nasra akarekebisha mtandio wake. "Ila apite kwanza ndani amwoneshe mikorosho yake."

Hapo Ismaili aliutafuta msaada wa kijiwe. Petro alikuwa akiisoma kofia yake kwa makini. Nassoro alikuwa anahesabu mawingu. Mwalimu alisema taratibu kwamba katika silabasi, hali kama hiyo inaitwa mwisho wa mapinduzi. Na Ismaili aliwaza vitu vyote alivyo navyo Madimba ambavyo si vya mwanamke, akaona mkeka, ambao ulishachakaa, na panga.

Abdallah alisimama, akajikung'uta. "Twende, shemeji. Nikubebee mkoba?"

"Asante. Shemeji Ismaili, wewe kutoa jina inatosha umtume mwenzio, mwalimu hapa ni shahidi. Wewe nakuhitaji hapa. Mdomo wako ni hazina, Jumamosi ndiyo utanifungulia mkutano. Mwambie mtu yeyote atakayepita yale yale uliyosema leo, kwamba chama kinahitaji uongozi mpya. Lile la jiko la mama liache." Akachukua kitambaa cha kushikia birika, akakiweka mkononi mwake. "Na uniangalizie kahawa. Usiache mkaa uzime."

Wakaondoka, Nasra mbele, Abdallah nyuma na mkoba, wakafuata njia ya ofisi ya chama. Ismaili alibaki amesimama na kitambaa mkononi.

Nassoro akamsogezea kikombe chake. "Mstahiki, yangu tangawizi nyingi."

Ismaili alimimina.

Pikipiki ilisimama. Msafiri mmoja wa kwenda Msimbati, mgeni, alishuka akipangusa vumbi, akaomba kikombe. Alipokunywa alimtazama mmiminaji juu mpaka chini, kofia ya viua, shati la kampeni lililopigwa pasi, kisha akamuuliza Petro pembeni:

"Huyu mzee wa kahawa ni nani?"

Petro alifungua mdomo kusema lile jina la siku zote, akamtazama Ismaili, akamhurumia.

"Huyo?" alisema kwa sauti ya juu ili asikike. "Huyo ni shemeji yake mwenyekiti."

Ismaili alisikia. Lilimuuma, wala hatukatai, lilimuuma mpaka macho yakamwasha, na moshi wa mkaa ukasingiziwa. Kisha akanyoosha kola yake polepole na kumwongezea mgeni kahawa bila kuombwa. Angalau, aliwaza, safari hii neno mwenyekiti limo.